Mheshimiwa Dokta na jipu bichi

Baraza la madiwani likifika kwenye taarifa ya afya, waheshimiwa wengi huanza kuchungulia ajenda inayofuata. Ndivyo ilivyokuwa siku moja katika halmashauri ya huku kwetu Nyanda za Juu Kusini, ukumbi umejaa baridi ya Juni na watu wamekaa na makoti yao. Mganga Mkuu wa Wilaya akasoma karatasi yake: wanaojifungulia vituoni wameongezeka, vifo vya uzazi vimepungua. Makofi yakapigwa. Kisha diwani mmoja mwenye mvi akawasha kipaza sauti, akasubiri kelele ziishe, akauliza: "Mheshimiwa Mwenyekiti, hivi ni vifo vya kituoni. Waliofia njiani wako ukurasa wa ngapi?"

Hawakuwa na ukurasa. Taarifa ile inatoka kwenye vitabu vya MTUHA, yaani kumbukumbu za vituo vya afya, na vitabu hivyo huanza kumwandika mtu akishavuka mlango. Aliyekata roho juu ya machela, kwenye utelezi, kati ya kitongoji na barabara kuu, jina lake hubaki kwenye daftari la rambirambi. Mwenyekiti akasema swali ni zuri, litajibiwa kwa maandishi. Nadhani hadi leo linaandikwa.

Aliyeuliza alikuwa daktari, na ninamfahamu kwa miaka mingi. Simtaji jina wala hospitali yake, maana akijiona gazetini ataacha kupokea simu zangu. Marehemu mama yangu, aliyemzidi umri kwa mbali, alimwita "baba" tangu siku alipomfanyia upasuaji, na wakikutana njiani mama ndiye aliyetangulia kusema "kamwene" huku akipiga goti. Nilikuwa naona aibu kidogo. Sasa naelewa kwamba kura za mtu yule zilianza kupigwa pale, kwenye magoti ya akina mama, miaka mingi kabla hajachukua fomu.

Neno Dokta, kwa kweli, lina matatizo yake kwenye siasa za kwetu. Dokta aliyeacha alama kubwa kuliko wote katika uongozi wa Iringa hakuwahi kushika sindano. Dk. Wilbert Kleruu, Mkuu wa Mkoa aliyepigwa risasi na mkulima Said Mwamwindi kule Isimani siku ya Krismasi ya mwaka 1971, alikuwa na shahada ya uzamivu, na kisa chake hadi leo kinasimuliwa kwa sauti mbili kutegemea unakaa kwenye kibaraza cha nani. Dk. Harrison Mwakyembe wa Kyela ni mwanasheria. Dk. Tulia Ackson, aliyeshinda Mbeya Mjini mwaka 2020 na kuwa Spika mwaka 2022, naye ni mwanasheria. Kwa hiyo mwananchi akisikia "Mheshimiwa Dokta" huuliza kwanza: wa vitabu au wa sindano? Ninayemzungumzia ni wa sindano.

Alipanda mlimani mwanzoni mwa miaka ya 1990, kijana aliyetoka Muhimbili na sanduku moja, akapokewa kwenye hospitali ya misheni ambayo jenereta yake iliwashwa jioni kwa saa chache na usiku kwa ajili ya upasuaji tu. Hospitali za namna hiyo ndizo zilizobeba afya ya nyanda hizi: Ikonda na Bulongwa huko Makete, Ilembula, Tosamaganga, Chimala, Isoko kule Ileje, Itete na Igogwe upande wa Rungwe, Matema pale ziwani. Mahali pengi serikali haikujenga ya kwake palipokuwa na ya kanisa. Iliipa jina la hospitali teule ya wilaya, ikalipa mishahara ya baadhi ya watumishi, ikaleta na dawa kidogo. Mganga mfawidhi wa hospitali kama hiyo ni mwanasiasa atake asitake. Anakaa katikati ya askofu na mkurugenzi wa halmashauri, na kila mmoja anaamini mwenzake ndiye anayepaswa kulipia dizeli. Anajifunza kuomba bila kupiga magoti na kukataa bila kuudhi. Anajifunza pia kwamba barua yenye nakala kwa Mkuu wa Wilaya hujibiwa haraka kuliko isiyo nayo.

Kisha ukaja ule muongo tusiopenda kuukumbuka. Kabla dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI hazijaanza kutolewa bure, mwaka 2004, kazi yake kubwa ilikuwa kuandika vyeti vya vifo vya watu wa rika lake. Makete ilizika mpaka mbao za majeneza zikawa biashara ya msimu wote, na bibi wengi walianza kulea upya wakiwa na miaka sabini. Utafiti wa 2011 na 2012 uliukuta mkoa wa Njombe, uliokuwa umetoka tu kumegwa kutoka Iringa, na maambukizi ya asilimia 14.8 kwa watu wazima. Ule wa 2022 na 2023 ukakuta asilimia 12.7, wakati wastani wa taifa ni 4.4.

Hapa ndipo nilipoanza kuona tofauti ya macho ya daktari na macho ya siasa. Viongozi wakizisoma namba hizo hutikisa kichwa: Njombe bado, Njombe haibadiliki. Dokta alisimama akasema asilimia hiyo haishuki haraka kwa sababu watu hawafi tena. Anayekunywa dawa anaishi, na anayeishi anahesabiwa. Kama tungetaka namba ishuke upesi, akasema, tungewanyima dawa. Ukumbi ulinyamaza. Sijui wangapi walielewa na wangapi walikuwa wanasubiri posho, lakini ile ilikuwa hotuba bora ya afya niliyowahi kusikia kwenye baraza lolote, na haikufika dakika mbili.

Daktari kuingia siasa si jambo geni nchini. Mwaka 1950 rais wa TAA, chama kilichokuja kuzaa TANU, alikuwa daktari, Vedasto Kyaruzi. Wakoloni walimshughulikia kwa silaha ambayo mtumishi yeyote wa umma anaijua hadi leo: uhamisho. Wakampeleka hospitali ya gereza la Kingolwira karibu na Morogoro, baadaye Nzega. Mwaka 1953 ukatoka ule waraka namba 5 uliowazuia watumishi wa serikali kushiriki siasa, na kwa nchi iliyokuja kufika uhuru ikiwa na madaktari wazalendo 12 hivi, waraka huo ulikuwa umewafunga mdomo karibu wote kwa karatasi moja. Kule Masasi kulikuwa na Mwingereza, Leader Stirling, aliyefika Lulindi mwaka 1935 kama daktari wa misheni, akaingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1958, na kuanzia 1975 hadi 1980 akawa Waziri wa Afya wa Tanzania huru. Na ng'ambo ya mto Songwe tulikuwa na jirani daktari, Hastings Kamuzu Banda, aliyetibu wagonjwa Uingereza na Ghana kabla ya kuitawala Malawi hadi 1994, na aliyewahi kudai kwamba ardhi ya kwetu huku ni ya kwake. Nawakumbusha wanaodhani koti jeupe ni kinga dhidi ya ulevi wa madaraka.

Ila kwa watu wa Mbeya, daktari wa kupimia wenzake ni Profesa David Mwakyusa wa Rungwe, tabibu wa Mwalimu Nyerere hadi siku zake za mwisho London mwaka 1999, kisha mbunge wa Rungwe Magharibi, na kuanzia 2006 Waziri wa Afya. Ni katika kipindi chake, mwaka 2007, ulipokuja Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi, MMAM, wenye ahadi ambayo hata mtoto wa darasa la tatu aliishika: zahanati kila kijiji, kituo cha afya kila kata.

Ahadi ile ilikuwa sahihi. Yaliyofuata huku chini ndiyo ninayotaka tuyaangalie. Wananchi walichimba misingi, wakasomba mawe na mchanga, wakafyatua tofali, ukuta ukafika lenta. Hapo ukasimama kusubiri bati la serikali. Lugha yetu ikapata neno jipya la zamani: boma. Kila diwani akawa na boma lake la kusemea. Boma likiezekwa, wimbo unabadilika kuwa wa samani. Samani zikija, unakuwa wa watumishi. Na hapo wimbo unakatika, kwa sababu muuguzi hafyatuliwi kwa nguvu za wananchi.

Nitakuwa mwongo nikisema majengo hayakusaidia. Vituo vya afya vingi vilivyopandishwa hadhi miaka ya karibuni vina vyumba vya upasuaji, na mama aliyekuwa anasafiri siku nzima sasa anasafiri saa mbili. Utafiti wa taifa wa 2015 na 2016 ulikadiria vifo vya uzazi 556 katika kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ukakadiria 104. Hakuna nchi inayofika hapo kwa hotuba. Lakini jengo linaonekana, linapigwa picha, lina utepe. Muuguzi wa pili wa zamu ya usiku haonekani. Hakuna mwanasiasa aliyewahi kuzindua usingizi wa muuguzi.

Dokta alipoingia baraza alidhani atakwenda kuziba pengo hilo. Kwa kuwa alikuwa mwajiriwa wa kanisa, aliweza kushika udiwani bila kuvunja ajira, jambo ambalo daktari wa serikali asingeruhusiwa. Wakampa kamati ya elimu, afya na maji. Baada ya mwaka mmoja aliniambia sentensi niliyoiandika nyuma ya risiti: "Nilikuwa na madaraka zaidi nilipokuwa na kisu."

Tuchambue kwa nini. Mjamzito wa kijijini hucheleweshwa mara tatu: nyumbani, uamuzi ukisubiri mume au mkwe, njiani, na mlangoni kwa mtoa huduma. Diwani ana nini juu ya hayo? Barabara za vijijini tangu 2017 ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali kuu ambao hauwajibiki kwa baraza. Watumishi huajiriwa kwa kibali kinachotoka Dodoma, na mtu akipangiwa milimani akaja akaiona baridi, mara nyingi barua ya kuomba kuhama inafika kabla mzigo wake haujafika. Dawa ziko Bohari ya Dawa. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Wizara ya Afya, zahanati iko TAMISEMI, wizara ya serikali za mitaa, na mgonjwa yuko kati yao juu ya bodaboda. Kinachobaki mikononi mwa baraza ni mapato ya ndani, yaani ushuru wa mazao, leseni na vibanda, ambayo asilimia kumi yake inakwenda kwenye mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sehemu nyingine inaliwa na vikao vya kuyajadili.

Hapo utaelewa kwa nini diwani hupenda boma. Boma ni kitu pekee anachoweza kukigusa.

Dokta alipata ushindi mmoja ninaouheshimu. Barabara ya kata yake ilikuwa ikilalamikiwa na wafanyabiashara wa viazi. Magari yalikwama, lumbesa zikaoza. Kwenye vikao, hoja ya viazi ilisemwa na watu wa viazi na hoja ya wajawazito ikasemwa na akina mama wawili wa viti maalumu, kila upande na siku yake. Yeye akaziunganisha. Akatembea na meneja wa TARURA hadi kwenye lile tope, akamwonyesha kwamba lori linapokwama na gari la wagonjwa linakwama hapo hapo, korongo ni moja. Kalavati likawekwa. Msimu uliofuata watu wa viazi walimshukuru, na akina mama hawakujua kama kuna la kushukuru, kwa sababu mtu hashukuru kwa msiba ambao haukutokea. Hii ndiyo adha ya kazi ya kinga, hospitalini na kwenye siasa vilevile.

Sasa nije kwenye jipu.

Mwezi Novemba 2015, akifungua Bunge, Rais Magufuli alizungumzia kazi ya kutumbua majipu, yaani kuwaondoa watumishi wabovu na mafisadi, na nchi nzima ikalidaka neno. Kwa miaka kadhaa tukawa taifa la wapasuaji. Siasa zetu siku zote zimeazima maneno ya wodini: tunawapa wapinzani dozi, tunasema dawa yao ndogo, mkataba mbovu ni saratani. Tumeazima maneno tukaacha adabu yake. Nilimuuliza Dokta lile neno linamkaaje. Akacheka kwanza. Kisha akasema jipu bichi halitumbuliwi. Ukilikamua kabla halijaiva usaha unarudi ndani, unaingia kwenye damu, na mtu aliyekuja anachechemea anaondoka amebebwa. Unalikanda kwa maji moto, unasubiri lilainike, ndipo unapasua, tena mpasuo mdogo. "Na ukishamaliza," akasema, "unampima sukari. Mtu hatokwi na majipu kila mwezi bure."

Niliwahi kusimama kwenye mkutano wa hadhara, wilaya siitaji, kiongozi mmoja akamsimamisha kazi muuguzi mbele ya umati kwa sababu mama alijifungulia mlangoni pa zahanati. Umati ulishangilia. Muuguzi yule alikuwa peke yake kituoni, zamu ya mchana na ya usiku, kwa muda ambao hakuna aliyejishughulisha kuuhesabu. Kesho yake zahanati ilifungwa, kwani hakukuwa na mwingine. Nani alimpima sukari?

Hospitalini kuna kikao ambacho watu wa nje hawakijui, cha kujadili kifo cha mama mjamzito. Wanakaa daktari, wauguzi, mtu wa maabara, mara nyingine dereva. Faili linawekwa mezani. Sheria ni kwamba hakuna anayetajwa jina wala kunyooshewa kidole. Kinachotafutwa ni saa. Alifika saa ngapi, aliyemwona wa kwanza alimwona saa ngapi, damu iliombwa lini, ilikuja lini, friji ya damu ilikuwa na nini. Mara nyingi mwisho wa kikao hupatikana kitu kidogo cha kudhalilisha: ufunguo wa stoo ulikuwa kwa mtu aliyekwenda msibani. Ufunguo unachongwa wa pili. Hakuna anayepigiwa makofi.

Hoja yangu kuhusu daktari kwenye siasa ni hiyo. Watu humchagua wakidhani ataleta dawa. Dawa hana, hana zaidi ya diwani fundi cherehani. Alichonacho ni desturi ya kile kikao, ya kutafuta saa kabla ya kumtafuta mkosaji. Kama ataiacha getini akaingia na koti tu, tumempoteza mara mbili, wodini na barazani.

Na Dokta, nisimpambe, wakati mwingine aliiacha. Alikuwa na hasira za watu waliozoea kutiiwa. Mgonjwa hakatai dozi, lakini diwani mwenzako anakataa, tena anakwenda kukusema kwa mwenyekiti wa chama. Yeye aliandika maagizo mahali pa kushawishi. Kwenye suala la lishe aliharibu kabisa kwa namna hiyo.

Suala lenyewe ni la aibu ya mikoa yetu, na ndilo nililotaka ashinde kuliko yote. Utafiti wa 2022 uliikuta Iringa na udumavu wa karibu asilimia 57 kwa watoto wa chini ya miaka 5. Njombe na Rukwa karibu nusu. Taifa zima asilimia 30. Hii ndiyo mikoa ya mahindi, viazi, maharage, ndizi, maziwa, parachichi la kupanda meli. Tunailisha nchi na watoto wetu ni wafupi. Mwanasiasa wa kawaida akisikia hivyo anasema watu waelimishwe. Dokta alikuwa amewapima watoto hao kwa miaka ishirini na alijua kwamba mama anayeondoka alfajiri kwenda shambani na kurudi magharibi hakosi elimu. Anakosa saa. Mtoto anaachiwa dada wa miaka saba na uji mweupe, mara mbili kwa siku, wiki nzima, na maharage yapo ndani lakini yanataka kuni na mtu wa kuyakalia. Ongeza kuhara, ongeza maji ya mto.

Serikali iliweka utaratibu wa mikataba ya lishe: wakuu wa mikoa wanasaini, halmashauri inatenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka 5 kutoka mapato yake. Dokta alihakikisha fedha zimetengwa. Akashangilia mapema. Mgeni wa siasa hajui kwamba kutenga ni kuandika cheti cha dawa, na kutoa ni dawa kufika mdomoni. Kati yake kuna duka ambalo linaweza kuwa limefungwa. Robo ya kwanza fedha haikutoka, ya pili ikatoka kipande. Akasimama barazani akawaita wenzake wauaji wa watoto. Kwa neno hilo moja alipoteza ukumbi. Waliokuwa tayari kumuunga mkono wakageuka kutetea heshima zao, ajenda ikawa lugha ya Mheshimiwa na si watoto. Alikamua jipu bichi, yeye mwenyewe aliyenifundisha.

Kuna mzigo mwingine ambao sijawahi kuusoma popote, na ambao nadhani ndio mzito kuliko wote. Daktari wa kijijini anawajua wapiga kura wake kwa mafaili. Katika ule ukumbi alikaa na watu ambao alijua damu zao zina nini, nani alipata mtoto na nani, nani aliletwa usiku akisema ameanguka kumbe amepigwa na mkewe. Aliyekuwa akimshambulia kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa mgonjwa wake wa miaka mingi. Mimi hilo sikuambiwa na Dokta, niliambiwa na mhusika mwenyewe, siku moja tunakunywa ulanzi, akiwa na mshangao wa kweli: "Yule bwana angeweza kunimaliza kwa neno moja. Hakuwahi hata kuniangalia vibaya."

Wakati wa kampeni kulikuwa na mnong'ono: tukimnyima kura, atatutangaza? Na mwingine wa kinyume chake: tukimpa, tutamkwepaje wodini? Wagonjwa wawili ninaowafahamu walihamishia kliniki zao hospitali ya mbali baada ya yeye kuapishwa, kwa sababu hawakutaka diwani awashike mapigo ya moyo. Hilo lihesabiwe kwenye gharama. Na lihesabiwe pia kwamba kila juma la vikao, chumba cha upasuaji kilibaki kwa daktari msaidizi, ambaye, tuseme ukweli, ndiye wa namna iliyowapasua wajawazito wengi wa vijijini nchi hii kwa miaka yote bila kuitwa Mheshimiwa na mtu yeyote.

Wako walioifika ngazi ya juu kwa njia hii. Dk. Festo Dugange, aliyekuwa mganga mkuu wa mkoa, alichaguliwa mbunge wa Wanging'ombe mwaka 2020 na kuwa Naibu Waziri TAMISEMI, wizara yenye zile zahanati zote. Mwaka huohuo Dokta wangu naye alijaribu ubunge. Mwaka 2020 maelfu ya watu walichukua fomu, na sisi tuliobaki nyumbani tukapata msemo wa kutuchekesha hadi leo, kwamba wajumbe si watu. Alikwenda kwenye kura za maoni za chama akiwa na hotuba kuhusu udumavu. Wenzake walikwenda na mengine. Wajumbe walimpigia makofi sana wakampa kura za kuhesabika kwa vidole. Mama mmoja kati yao alimfuata nje, akamwambia bila kumumunya: "Baba, sisi tukikupeleka Dodoma, nani atatushona?"

Nimeligeuza jibu hilo kichwani mara nyingi. Si dharau, huenda ndiyo sera ya afya yenye akili kuliko zote zilizosemwa mwaka ule. Lakini ni sera ya mtu aliyekata tamaa kwamba kutakuwa na daktari wa pili.

Nilimtembelea mwaka jana. Ana miwani minene sasa, hapasui tena usiku. Bado watu kwenye benchi wanamwita Mheshimiwa, na yeye haitiki mpaka wamwite Dokta. Mezani kulikuwa na kaunta buku kubwa lenye jalada la bluu, nikalifungua bila kuomba ruhusa. Amelichora mwenyewe kwa rula: kijiji, saa waliyoondoka nyumbani, saa waliyofika, usafiri, mvua ndiyo au hapana. Wahudumu wa afya wa vijiji humletea majina kila mwisho wa mwezi. Safu ya mwisho haina kichwa, ina alama tu, msalaba mdogo hapa na pale, na mingi iko kwenye kurasa za Machi na Aprili.

Nikamuuliza kama pale wilayani wameliona.

"Hawajaliomba," akasema, akamwita mgonjwa aliyefuata.